Leseni Iko Mfukoni mwa Nani?

Tanga ni mji wa baiskeli. Anayebisha aende Ngamiani asubuhi, kwenye ile mitaa iliyopewa namba badala ya majina, ajionee mwenyewe: fundi kaweka ngazi begani na mkono mmoja tu ndio uko kwenye usukani, mama katundika kapu mbele, binti wa sekondari kaikusanya sketi isije ikaliwa na mnyororo. Mji ni tambarare, nauli inabaki mfukoni, na mwanamke juu ya baiskeli hageuziwi shingo na mtu. Watoto wanakua wakiona hayo, na wao wanapanda. Ila mtoto wa Tanga, kama mwenzake wa Shinyanga au Tabora, mara nyingi hapandi baiskeli ya mtoto. Anapanda ya baba.

Naanza na hiyo baiskeli ya baba kwa sababu bila yake kisa changu hakieleweki.

Nilikuwa nimeazima gari la shemeji, nikipita mbele ya shule moja ya msingi mchana, saa ambayo watoto wa madarasa ya chini wanatoka. Nilikuwa kwenye hamsini. Nikaachia mafuta kidogo kwa sababu ya kitu cheupe kilichokaa pembeni ya lami, ambacho sikukitambua. Mbele yangu daladala likasimama kushusha abiria, hatua chache kabla ya zebra. Sikutaka kusubiri, nikatoka kulipita. Hapo hapo, mbele ya pua ya daladala, likachomoza tairi, kisha mtoto wa miaka tisa au kumi, mguu mmoja kaupenyeza katikati ya fremu kwa sababu kiti hakifikii, dumu la maji limefungwa kwa mpira kwenye keria. Nilikanyaga breki kama ninayetaka kutoboa sakafu. Gari likasimama juu ya mistari myeupe, dumu likapita mbele ya boneti kwa nafasi ya kiganja. Mtoto hakusimama. Aliyumba, akajiweka sawa, akaendelea na safari yake. Sidhani hata aliniona.

Hofu ikishapita kwa mwanamume mwenye usukani, kinachofuata ni hasira. Nilishusha kioo nikapiga kelele: "Wewe mtoto, hujui kwenye zebra baiskeli inasukumwa?" Mtoto alikuwa keshafika mbali. Aliyenijibu ni mama aliyekaa na karai lake la vitumbua ng'ambo ya barabara, wala hakunyanyua sauti. "Sasa baba, yeye mtoto. Wewe je?"

Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ndiyo jibu, na limechelewa.

Niseme kwanza kwamba nilichomfokea mtoto si uongo. Zebra ni kivuko cha waenda kwa miguu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unamhesabu anayesukuma baiskeli kuwa mwenda kwa miguu. Akishaipanda, ni dereva wa chombo kama wewe na mimi. Uingereza wanawaambia waendesha baiskeli washuke wasukume wanapovuka zebra. Ujerumani, ambako mtoto wa chini ya miaka minane analazimika kuendesha baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu na si barabarani, sheria inamtaka ashuke kila anapokata barabara. Kwa hiyo yule mtoto wa Tanga alikosea. Na mimi nililipita gari lililosimama kwenye zebra, kosa ambalo kila mwanafunzi wa udereva hukanywa nalo siku za mwanzo kabisa. Wakosaji wawili, bao moja kwa moja, tugawane lawama twende nyumbani.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoishia, na hapo ndipo ninapoona tunajidanganya. Makosa hayo mawili hayalingani kwa uzito, wala hayatoki kwa watu wanaolingana.

Chukua hesabu ya shule ya msingi. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva mzima, aliyelala vizuri na asiyechezea simu, anahitaji kama sekunde moja tangu aone hatari mpaka mguu uguse breki. Mita 14 zimekwisha na gari halijapunguza hata chembe. Kisha breki zishike: kwenye lami kavu na tairi zisizo vipara, mita nyingine 14 hivi. Jumla 28. Sasa punguza mpaka 30. Sekunde ile ile ya kuduwaa inakula mita 8 na ushee, breki zinamaliza kazi ndani ya mita 5. Jumla kama 13. Maana yake, pale ambapo gari la 30 limeshasimama kimya na dereva anashusha pumzi, gari la 50 bado linakuja na mwendo wake wote, mguu wa dereva ndio kwanza unatafuta pedeli. Tunaposema "alikuwa hamsini tu", hiyo "tu" ndiyo inayoua.

Upande wa pili kuna mtoto. Akitembea, anakata upana wa njia moja ya gari kwa sekunde tatu hivi. Dereva anamwona akiwa ukingoni, anamwona akishuka, ana muda. Akiwa juu ya baiskeli, hata ile ya kujikongoja, upana ule ule anaumaliza kwa sekunde moja. Macho ya dereva yamezoea kutafuta kwenye zebra kitu kinachotembea polepole. Baiskeli inaingia kutoka mahali ambapo sekunde iliyopita palikuwa patupu. Ndiyo maana madereva wengi huapa, tena kwa nia njema kabisa, kwamba mtoto "aliingia ghafla". Kwa macho yao ni kweli. Kwa kichwa chao si kweli, kwa sababu pale pana mchoro wa zebra, pana kibao cha shule, na saa ya watoto kutoka inajulikana. Ghafla ni neno la kitu usichoweza kukitarajia.

Napenda kulichokonoa hilo neno zaidi, maana habari zetu za ajali zimejaa sentensi za namna hii: "gari liliacha njia", "gari lilimshinda dereva", "mtoto aliingia ghafla barabarani". Gari lina akili zake, mtoto ana makosa yake, na mwenye leseni hayumo kwenye sentensi. Tukimaliza tunafunga na methali ya mjini, ajali haina kinga. Siwakosoi wanaoisema msibani. Pale ni maneno ya kumfariji mfiwa. Lakini inapotoka kinywani mwa anayepaswa kuchora barabara au kushika usukani, si faraja tena. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, limekadiria vifo milioni 1.19 barabarani kwa mwaka, na kusema kwamba hakuna kinachoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Ugonjwa wenye takwimu hizo tungekuwa tumeshautafutia chanjo.

Sasa turudi kwa mtoto, kwa sababu lawama tunazomtupia zinadhani ana kichwa cha mtu mzima kilichopungua urefu tu.

Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, Jodie Plumert na wenzake waliwapandisha watoto wa miaka 10 na 12, pamoja na watu wazima, kwenye baiskeli iliyofungwa mbele ya skrini zinazoonyesha barabara yenye magari, kisha wakawaachia wavuke. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004, na yalinishangaza. Ungedhani watoto watachagua nafasi finyu za kijinga kati ya gari na gari. Hawakufanya hivyo. Walichagua nafasi zile zile walizochagua wakubwa. Tofauti ilikuwa kwamba mtu mzima akishaamua huondoka papo hapo. Mtoto anaamua, kisha anachelewa kuanza kukanyaga. Anafika katikati ya njia huku muda uliobaki ukiwa mdogo kuliko alivyopiga hesabu. Macho yalisema sawa, miguu ikachelewa.

Na hao walikuwa watoto wenye baiskeli inayowatosha. Mweke mmoja wao kwenye Phoenix ya chuma yenye bomba refu la juu, mguu kaupitisha ndani ya fremu, dumu nyuma. Mtoto wa namna hii hapendi kusimama. Akisimama hafiki chini sawasawa. Lazima ajirushe pembeni, aishikilie baiskeli isimwangukie, maji yakimwagika anarudi bombani na nyumbani anagombezwa. Kuanza upya ni kukimbia nayo hatua tatu nne ndipo adandie. Kwa hiyo anachofanya ni kufika zebra akiwa na mwendo na kuomba barabara iwe tupu. Tunamwimbisha darasani "tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena", kanuni nzuri sana kwa aliyesimama kwa miguu miwili. Juu ya baiskeli, akigeuza shingo kulia, usukani nao unakwenda kulia. Mtu yeyote aliyefundisha mtoto baiskeli anajua hili. Nashangaa halimo katika mafunzo yetu.

Kuna la macho pia. John Wann na wenzake wa Royal Holloway, Uingereza, waliwapima wanafunzi wa shule ya msingi wakakuta kwamba gari linapokuja kwa mwendo unaozidi maili 20 kwa saa, yaani kilometa 32 hivi, mtoto anaweza asitambue kabisa kwamba linamkaribia. Si uzembe, wala si kukosa adabu. Picha ya gari inavyokua machoni pake haimpi taarifa ya kutosha. Kwa maneno mengine, dereva anayepita shuleni na hamsini ana mwendo ambao mtoto hawezi kuupima. Halafu tunamuuliza kwa nini hakuupima.

Hoja ya madereva nayo nitaisema, kwa kuwa mimi ni mmoja wao na si msaliti. Dereva wa mji wetu anaendesha akiwa kazingirwa. Bodaboda anapita kushoto, bajaji inageuza bila taa, muuza machungwa kaweka toroli lake juu ya zebra yenyewe. Rangi ya mistari imefutika mpaka mgeni hajui kama hapo ni kivuko au ni doa la chokaa. Jioni mtoto anakuja hana taa wala kioo cha kuakisi mwanga nyuma. Ukisimama kumpisha mvukaji, wa nyuma yako anapiga honi kama umemtukania mama yake, na wa tatu anakupita kulia. Hiyo ya mwisho naomba msomaji aishike. Kwenye barabara ya njia mbili kila upande, ustaarabu wa dereva wa kwanza ndio unaomwita mtoto aingie kwenye mdomo wa gari la pili. Mtoto anaona limesimama moja, anadhani barabara nzima imesimama. Dar es Salaam, kwenye Barabara ya Morogoro, ambako tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016 mvukaji anakata njia za magari, kisha za mabasi, kisha za magari tena, imani hiyo inawekwa rehani mara tatu katika safari moja.

Halafu kuna kuwasha taa. Kwetu, dereva akikupiga taa kwa mbali huenda anasema "pita", na huenda anasema "naja, usithubutu". Mtu mzima anabahatisha kwa kuangalia kama pua ya gari inashuka. Mtoto wa darasa la tatu anabahatisha kwa nini?

Kwa hiyo ndiyo, madereva wana malalamiko ya haki. Lakini tazama malalamiko yote hayo yanaelekea wapi. Kila moja linasema: mahali hapa ni pa vurugu, sioni vizuri, sijui nani atatokea. Basi hiyo ni sababu ya kupunguza mwendo. Ajabu yetu ni kwamba tunaitumia kama sababu ya kusamehewa kwa kutopunguza.

Wenzetu walifikaje? Si kwa kuzaliwa wastaarabu. Uholanzi, nchi tunayoipiga picha za baiskeli na maua, mwaka 1971 ilizika watu zaidi ya 3,000 waliokufa barabarani, na kati yao watoto walipita 400. Mwandishi wa gazeti, Vic Langenhoff, aliyempoteza binti yake, aliandika kwa hasira, na kutokana na maandishi yake likazaliwa vuguvugu la wazazi lililojiita Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Jina halikung'ata maneno. Waliziba mitaa, wakakalisha watoto barabarani, wakawasumbua wabunge. Njia za baiskeli tunazoziona leo hazikuletwa na hali ya hewa.

Ila kilichonivutia zaidi kwa Waholanzi si njia, ni fidia. Kwao, gari likimgonga mtoto wa chini ya miaka 14 aliye kwa miguu au kwenye baiskeli, upande wa gari unalipa madhara yote, hata kama mtoto alikosea, isipokuwa ikithibitishwa kwamba alijitakia kwa makusudi au kwa uzembe unaokaribia makusudi. Ufaransa wana sheria ya Julai 1985 inayowalinda hivyo majeruhi wa chini ya miaka 16 na wazee wa zaidi ya miaka 70. Ujerumani tangu mwaka 2002 mtoto ambaye hajatimiza miaka 10 hawezi kudaiwa uharibifu uliotokana na ajali kati yake na gari kama hakukusudia, na kanuni zao za barabarani zinamwamuru dereva anapoona watoto apunguze mwendo na awe tayari kufunga breki kiasi cha kuondoa kabisa uwezekano wa kuwahatarisha. Nchi ile ile inayomwambia mtoto "shuka usukume" ndiyo inayomwambia dereva "hata asiposhuka, ni juu yako". Hawaoni mgongano hapo, wala mimi siuoni tena. Maagizo mawili kwa watu wawili, na hakuna anayeruhusiwa kujificha nyuma ya agizo la mwenzake.

Hapa kuna la kuelewana. Nazungumzia fidia, sizungumzii jela. Kumfunga dereva aliyekuwa ndani ya mwendo, macho kodo, ni kumtafuta mbuzi wa kafara. Swali la fidia ni jingine: mguu umevunjika, hospitali inadai, shule imekatika, nani abebe mzigo? Kwa utaratibu wetu, anayedai ndiye anayebeba kazi ya kuthibitisha uzembe wa dereva. Yaani mama wa mtoto, aliyekuwa sokoni wakati wa ajali, ndiye anayetakiwa kumwonyesha hakimu gari lilikuwa na mwendo gani. Shahidi pekee aliyekomaa mara nyingi ni dereva mwenyewe. Na tayari tuna chombo cha kubebea mzigo huo. Bima ndogo ni ya lazima kwa kila gari, ipo kwa ajili ya mtu wa tatu, na sijui mtu wa tatu gani anayestahili kuliko mtoto wa miaka tisa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inasema mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai. Leseni ya gari hupewi kabla ya 18. Sheria zetu zinajua vizuri kabisa mtoto ni nani. Zinamsahau akifika kwenye zebra.

Wazazi je? Najua swali hili linakuja, na litakuja kwa herufi kubwa. Mzazi anayemtuma mtoto wa miaka saba bombani na baiskeli isiyo na breki ana la kujibu, na mimi simtetei. Vipande viwili vya raba za breki ni bei ya nyama choma nusu kilo. Kiti kinaweza kushushwa. Mtoto anaweza kufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: kufika ukingoni, kushuka, kusimama, na kuanza kuvuka akiwa ameishika baiskeli pembeni. Uholanzi watoto wa mwisho wa shule ya msingi hupewa mtihani wa vitendo wa baiskeli, mitaani, si kwenye karatasi. Tungeweza kufanya hivyo kesho kwenye uwanja wa mpira wa shule yoyote, kwa chaki na mawe manne. Lakini mzazi hawezi kupunguza mwendo wa gari langu. Hilo nililishika mimi, mguu wangu wa kulia.

Au tuseme tunapenda kuamini kwamba ni mguu tu. Ukweli mchungu wa madereva wote duniani ni kwamba tunaitii barabara kuliko tunavyovitii vibao. Barabara pana iliyonyooka inasema "nenda" hata kama kibao kinasema 50. Hapa nyumbani tuna mfano ambao dunia ilikuja kuupa tuzo. Shirika la Amend lilianza Dar es Salaam kazi ya kuzikagua barabara za mbele ya shule moja baada ya nyingine na kuzirekebisha kwa vitu vya bei ndogo: njia ya miguu, matuta, zebra, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande pembeni, na pengine kuhamisha geti la shule litokee upande wa barabara tulivu. Mradi ukapimwa, majeruhi wakapungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 ukashinda Tuzo ya Ross ya miji inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute. Geti. Huwa narudia kulifikiria hilo geti. Watu wazima walikaa miaka wakiwahubiria watoto namna ya kuvuka barabara hatari, kisha mtu mmoja akauliza kwa nini watoke upande huo.

Kwa baiskeli ningeongeza machache juu ya hayo. Zebra iinuliwe iwe yenyewe ndiyo tuta, dereva ashuke mwendo apende asipende. Kingo zake ziwe na mteremko laini, maana ukingo mrefu humfanya mtoto atafute pengo mita ishirini mbele, nje ya kivuko. Daladala zisishushe abiria kabla ya zebra bali baada yake, ili mwili wa basi usiwe pazia. Na mwendo wa mbele ya shule uwe 30, kama mawaziri walivyoazimia Stockholm Februari 2020 kwa maeneo ambayo magari na watu wa kawaida wanachangamana. Tochi za trafiki za kupimia mwendo zikihamia hapo saa za watoto kuingia na kutoka, badala ya kujificha penye mwembe kwenye barabara iliyo wazi, faini itakuwa na maana yake.

Kuna jambo nililiruka nilipoeleza kisa changu. Kwa hesabu za mita 14 na 14 nilizopiga hapo juu, nilipaswa kumgonga yule mtoto. Niliwahi kusimama kwa sababu sikuwa tena kwenye hamsini. Nilikuwa nimeachia mafuta kwa ajili ya kile kitu cheupe pembeni ya lami.

Nilirudi baada ya siku mbili kukitazama. Ni tairi bovu la lori, limefukiwa nusu ardhini na kupakwa chokaa, limetokeza kama mgongo wa mnyama. Nikamuuliza mama wa vitumbua nani kaliweka. Akasema ni yeye na mwanawe, na kwamba hili ni la tatu, mawili ya kwanza yaliondolewa kwa sababu hayana kibali. Chokaa huwa anapaka upya kila mvua zikiisha. Nikanunua vitumbua vya elfu mbili. Wakati ananifungia, gari dogo lilitokea likija kwa kasi, likafika usawa wa tairi, likapunguza, dereva akachungulia nje akijiuliza ni nini kile.